Matundu Matano Chini ya Kisosi

Elwood Zerbe alikuwa mtu wa kuandika. Tangu mwaka wa tatu wa ndoa yake alikuwa na daftari la jalada jeusi, na kila msimu wa gobore alijaza humo ukurasa mmoja: baruti punje sabini kwa mizani, risasi ya mviringo ya nusu inchi, jiwe la gumegume jipya au la mwaka jana, upepo umetoka wapi, mkono umetulia au umetetemeka. Kurasa arobaini na moja za mwandiko uleule wa kubanana. Na katika kila ukurasa, mahali pa kutaja kitambaa kinachofunika risasi kabla ya kusukumwa ndani ya mtutu, ameandika neno moja tu: kiraka. Basi. Kana kwamba viraka huota mtini.

Havikuota mtini. Vilitoka kwenye kopo la biskuti lililokaa rafu ya jikoni, baina ya chumvi na kahawa. Kila mwaka majani ya miti yakianza kupukutika, kopo lilikuwa tayari: vitambaa vya milia vilivyokatwa duara, vimekwishapakwa mafuta ya nguruwe na nta, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati. Elwood alitia mkono, akachukua, akaenda zake. Wanaume, bwana! Atakueleza baruti yake ilisagwa wapi na nani, lakini kitambaa anachokishika kila siku hajui kimetoka wapi.

Aliyejaza kopo alikuwa mkewe, Orpha. Na Orpha alifariki wiki moja kabla ya Pasaka, akiwa anamenya viazi, kisu mkononi. Hakuugua wala hakuaga.

Sasa, ili uelewe kwa nini mzee wa miaka sabini na minne alikuwa amesimama kwenye theluji ya Desemba akilitukana gobore, lazima nikupe habari ya kisosi. Kule kwao, bonde la Mahantongo katika Pennsylvania, msimu wa bunduki za kisasa ni wa kila mtu, hata watu wa mjini na viatu vyao vipya. Lakini siku ya pili ya Krismasi hufunguliwa msimu wa gobore la jiwe, lile la kushindiliwa kwa mdomo na kuwashwa kwa cheche, na huo ni wa wenyewe. Mwaka wa tatu wa ndoa Elwood alimpiga kulungu jike tumboni. Akafuata damu siku mbili nzima, asimpate. Siku ya nne Orpha alikwenda kuokota kuni kando ya kijito, akamkuta yule kulungu amelala pale, yu hai bado.

Orpha hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akatoa kabatini kisosi kimoja chenye ukingo wa buluu, akakiweka mezani mbele ya mumewe.

"Kuanzia leo," akasema, "utaniletea karatasi ya shabaha. Hatua hamsini, risasi tano. Kisosi hiki kikiyafunika matundu yote matano, nenda kawinde. Kisipoyafunika, utakaa hapa umenye viazi nami. Mnyama wa Mungu hatateseka kwa ajili ya kiburi chako."

Elwood aliapa. Na tangu siku ile, kila mwaka kabla ya Krismasi, alileta karatasi yake mezani kama mtoto anayeleta ripoti ya shule. Orpha alifuta mikono kwenye aproni, akakiweka kisosi juu ya matundu, akakizungusha kidogo huku na huku, halafu akasema yaleyale: "Haya, nenda. Vaa soksi mbili." Miaka arobaini na mmoja kisosi hakikukataa hata mara moja.

Mwaka huu kilikuwa kinakataa. Mwenye kukiweka hayupo, lakini Elwood alikiweka mwenyewe, na kilikuwa kinakataa.

Kopo lilikuwa tupu. Binti yake, Darlene, anayefundisha shule mjini, alimnunulia kitambaa kipya cha milia, kizuri, kinang'aa, akamkatia duara kwa kufuata mdomo wa glasi. Elwood akashukuru, akaanza kazi. Aliweka mfuko wa mchanga juu ya meza ya mbao nyuma ya banda, akatundika karatasi hatua hamsini, karibu na ua wa shemeji yake. Akapima punje sabini za baruti, akamimina. Akaweka kiraka mdomoni mwa mtutu, risasi juu yake, akasukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka ikakaa. Akatia baruti kidogo kwenye kibakuli cha kuwashia, akalenga, akavuta pumzi, akaiachia nusu. Ka! Fsss! Bum! Moshi mweupe ukamfunika. Akapitisha kitambaa chenye mate ndani ya mtutu kufuta masizi, akaanza upya. Mara tano.

Risasi moja ilipiga juu kulia. Moja chini kushoto. Moja ilikata kamba ya karatasi. Mbili hazikuonekana kabisa.

Ng'ambo ya ua alikuwa amesimama Mahlon, mdogo wake Orpha, mtu wa tumbo kubwa na mdomo usio na breki.

"Shemeji," akaita, "unalenga karatasi au unalenga zizi langu?"

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu. Nina ng'ombe mle ndani, wengine wajawazito."

"Nitawalenga kweli usiponyamaza!"

"Ah, basi wako salama. Ukiwalenga hutawapata."

Elwood aliokota vile viraka vilivyoanguka kwenye theluji mbele ya meza. Mpigaji gobore anayejua kazi husoma kiraka kilichopigwa kama daktari anavyotazama ulimi. Hivi vilikuwa vimetoboka katikati, kingo zimekunjamana, vyeusi, vinanuka. Akajiambia: baruti ni nyingi. Akapunguza, punje sitini na tano. Vikaungua. Sitini. Vikaungua. Hamsini, kiasi cha kumtishia kunguru. Vikaungua vilevile. Akaongeza mafuta ya nguruwe mpaka vidole vikateleza. Akabadili jiwe. Akamimina risasi mpya kwa kalibu ileile ya babake, akazipima moja moja, zenye mapovu akazirudisha kwenye moto. Kila Jumamosi, Novemba nzima mpaka Desemba, na daftari likajaa kuliko miaka kumi iliyotangulia. Vyote alivibadilisha isipokuwa kitambaa, maana kitambaa ni kitambaa. Kimeandikwa tangu zamani: kiraka.

"Ni macho, shemeji," Mahlon akamwambia, safari hii bila kucheka. "Sisi ni wazee. Kapime macho."

"Macho yangu yanakuona ulivyonenepa."

"Huo si mtihani. Hata kipofu ananiona."

Lakini neno la macho lilimwingia. Akaanza kuwaza labda ni macho kweli. Labda ni mkono. Labda mtutu umechoka, kama mwenyewe. Nyumbani alikaa mezani mbele ya kisosi, akakitazama. Hakuna aliyekuwa anamlazimisha. Angeweza kwenda msituni siku ya pili ya Krismasi na gobore lake, nani angemzuia? Aliyemwapia yuko kaburini nyuma ya kanisa. Ndiyo sababu hasa hakuweza. Kiapo alichompa Orpha ndicho kitu pekee walichobaki nacho wawili, na yeye hakuwa tayari kuwa wa kwanza kukivunja.

Alhamisi kabla ya Krismasi alilisafisha gobore, akalipaka mafuta, akauzunguka ua mpaka kwa Mahlon akiwa amelibeba mikononi, si begani. Mahlon alikuwa bandani akikamua.

"Chukua," Elwood akasema. "Kisosi kimekataa. Sitawinda tena. Liwe lako."

Mahlon aliacha ng'ombe, akafuta mikono kwenye suruali.

"Silitaki," akasema. "Nikilichukua, nitamcheka nani?"

"Mahlon, tafadhali."

"Usiniambie tafadhali, utaniliza mbele ya ng'ombe." Akalipokea hata hivyo, akaligeuza, asijue afanye nini nalo. Kwenye kitako kuna kishubaka chenye kifuniko cha shaba, mahali ambapo wawindaji wa zamani waliweka viraka vya akiba. Mahlon akabonyeza kitufe, kifuniko kikafunguka. "Mbona umeacha vitu vyako humu?"

Vilikuwa viraka vitatu. Vya mwaka jana. Elwood alikuwa amevisahau.

Mahlon akakichukua kimoja, akakisugua kwa kidole gumba, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Milia yake ilikuwa imefifia mpaka ikawa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Hii milia naijua," akasema polepole. "Hiki ni kitambaa cha godoro. Mama yetu alimshonea Orpha godoro la arusi, na mito miwili, akajaza manyoya ya bata. Mimi ndiye niliyewashika hao bata, shemeji. Waliniuma mpaka kwenye masikio."

Elwood alikichukua kingine. Kilikuwa laini kama sikio la ndama, na kizito, na kimekazana. Akatoa mfukoni kile cha Darlene, kipya. Kigumu, kinakwaruza, na ukikivuta kina nyuzi zinazong'aa, nyuzi za plastiki. Alikuwa amekigusa mara mia, lakini kukigusa kwa kukisikiliza, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Una baruti?" akauliza.

"Ninayo."

Walipiga palepale nyuma ya zizi, Elwood akiwa ameegemeza mtutu kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Punje sabini, kama zamani. Mara tatu. Mahlon ndiye aliyekwenda kutazama karatasi, maana Elwood aliogopa. Akarudi anakimbia, na Mahlon si mtu wa kukimbia. Matundu matatu yalikuwa yamegusana. Ungeyafunika kwa bilauri ya dawa.

Elwood akainama, akaviokota viraka kwenye theluji. Vizima vyote vitatu. Katikati duara jeusi la masizi, kingo zimechanuka kidogo kama ua, na hakuna hata tundu. Ungevifua ungevitumia tena.

"Si macho," akasema.

"Si macho, shemeji. Nisamehe."

"Si mtutu."

"Si mtutu."

Akaketi kwenye gogo, viraka vitatu kiganjani, akalia. Alilia wazi, mabega yanatikisika, kilio alichokizuia tangu Pasaka. "Nilidhani ni mimi," akasema. "Miaka arobaini na mmoja nimejisifu kanisani, nimejisifu sokoni, hakuna mwenye shabaha kama Zerbe. Kumbe ni yeye. Hakuniambia hata siku moja, Mahlon! Kwa nini hakuniambia?"

Mahlon aliketi kando yake, gogo likalalamika. "Ulimuuliza?"

Elwood akatikisa kichwa.

"Basi. Dada yangu hakuwa mtu wa kujibu asiloulizwa."

Jumamosi Darlene alikuja kwa ajili ya sikukuu, na keki ya molasi kwenye kitambaa na gari limejaa zawadi. Alikuta nyumba imepinduliwa. Masanduku yamefunguliwa, dari imepekuliwa, baba yake na mjomba wake wamekaa sakafuni katikati ya mablanketi, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mmeibiwa?"

"Tunatafuta godoro la mama yako," Elwood akasema.

"Lile la zamani? Baba, lile halipo. Mama alikuwa analikata tangu mimi niko shule ya msingi. Alilitoa manyoya, akalifua, akalikata kipande kila mwaka. Nilikuwa namshikia mkasi." Akasita, akatazama sura ya baba yake. "Hukujua?"

"Kila mtu katika nyumba hii alijua isipokuwa mimi?"

"Nilidhani unajua. Mama alisema kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na cha siku hizi kimechanganywa, kinaungua kama nywele. Alisema lazima kitambaa kiwe kimelaliwa." Ghafla akaziba mdomo kwa mkono. "Na mimi nikasahau, nikakununulia kipya! Mwezi mzima umekuwa unateseka kwa ajili yangu! Jamani, Baba!"

"Wewe hukujua kuwa sijui. Acha hayo, mwanangu. Limebaki kiasi gani?"

Lilikuwa limebaki pindo moja la upana wa vidole viwili, kwenye kikapu cha kushonea. Halitoshi hata kiraka kimoja. Elwood akalikunja, akalirudisha kikapuni. Mahlon akaanza kutazama viatu vyake.

Ni Darlene aliyekumbuka. Aliingia chumba cha kulala bila kusema, na walipomfuata walimkuta ameinama juu ya kitanda, anavua foronya ya mto ulio upande wa dirishani. Chini ya foronya kulikuwa na milia, buluu iliyofifia.

"Mito, Baba! Mito ni ya kitambaa kilekile! Na huu haulaliwi na mtu, kwa hiyo..."

"Usiuguse huo!"

Sauti ilikuwa kali hata Mahlon akarudi nyuma hatua moja. Darlene aliuachia mto kama umemuunguza. Upande wa dirishani ulikuwa upande wa Orpha. Tangu Pasaka Elwood alikuwa analala ukingoni mwa upande wake, amejibana, kitanda kizima kimebaki kitupu. Foronya ile hakuifua wala hakuuhamisha mto ule. Kila asubuhi aliutandikia shuka, akauacha kama ulivyo, na shimo dogo katikati.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Sikukukaripia wewe."

"Najua, Baba." Darlene machozi yalikuwa yanamtoka. Akairudisha foronya, akaulaza mto mahali pake, taratibu. "Basi tuache. Ni msimu mmoja tu. Kaa na sisi, ule keki."

Elwood alikaa kitandani, upande wake. Akautazama mto wa mkewe. Halafu akageuza shingo, akautazama wake mwenyewe, ulio nyuma yake, umebonyea, umekaa upande kama kofia ya mlevi. Akauchukua, akauvua foronya. Milia. Buluu iliyofifia zaidi, maana kichwa chake kilitoka jasho kuliko cha Orpha, na yeye alikuwa anaufua mara mbili zaidi huku akinung'unika.

"Mwanangu," akasema, "kalete mkasi wa mama yako."

"Huo ni wako, Baba. Utalalia nini?"

"Hilo ni langu na mama yako."

Manyoya waliyamwaga kwenye gunia la unga, na mengine yakaruka yakakaa kwenye nywele za Mahlon, akasema wale bata bado wana kinyongo naye. Elwood alikifua kitambaa mwenyewe kwenye beseni, akakianika juu ya jiko la kuni. Darlene alikata. Elwood aliyeyusha mafuta ya nguruwe na nta, akachovya kimoja kimoja, akakikamua kwa vidole, na Darlene akamrekebisha: "Mama alikuwa anakikunja mara mbili ndipo anakamua." Akakikunja mara mbili. Vilipatikana viraka sabini na nane. Kopo likajaa tena.

Jumatatu, mkesha wa Krismasi, saa nne asubuhi, alipiga tano. Hakwenda kuitazama karatasi pale. Aliitoa bila kuigeuza, akaileta jikoni, akaiweka mezani, halafu akasimama na kofia mkononi. Alisimama tu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukiweka kisosi yeye mbele ya mtu, na sasa hakujua afanyeje.

Darlene alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akatoa kisosi cha ukingo wa buluu. Akakiweka juu ya karatasi, akakizungusha kidogo huku na huku. Hakuna tundu lililochungulia.

"Haya, nenda," akasema. "Vaa soksi mbili."

Siku ya pili ya Krismasi Elwood alirudi saa sita mchana. Mahlon alikuwa ameshamsaidia kumburuta kulungu kwenye theluji mpaka bandani, na bado alikuwa huko nje anamweleza Darlene jinsi yeye mwenyewe angempiga kwa umbali mara mbili ya ule. Mzee alivua viatu mlangoni. Akafungua daftari lake jeusi, akaandika tarehe, baruti, risasi, jiwe, upepo. Mahali pa kitambaa kalamu ilisimama kwa muda. Kisha akaandika: kiraka cha Orpha, kimelaliwa miaka arobaini na minne. Akarudi nyuma kurasa zote arobaini na moja, na kila penye neno kiraka akaongeza: cha Orpha.

Halafu akaingia chumbani na soksi zake mbili, akajilaza katikati ya kitanda. Akauvuta mto wa upande wa dirishani, akaweka kichwa kwenye lile shimo dogo. Ulikuwa bado na harufu yake, kidogo, ya sabuni na kafuri. Alidhani angelia tena, lakini hakulia.

"Kulungu alikwenda hatua kumi na mbili tu, Orpha," akamwambia. "Nilizihesabu. Hakuteseka."